Mzee Miwani Anaiacha Sehemu ya Nyota

Mlio nitakaoukumbuka ni mdogo: tak. Ni mlio wa miwani ikivuliwa usoni na kuwekwa juu ya meza ya mbao, vioo vikitazama dari. Aliyekuwa akichapa aliacha kuchapa. Aliyekuwa akitafuna alimeza. Katika chumba cha habari chenye simu zisizonyamaza, runinga zinazobishana na feni inayogonga kama ina deni na dari, mlio huo ulifika hadi dirishani, na maana yake ilikuwa moja tu: kuna habari haitoki, na mwandishi wake asogee akaelezwe kwa nini.

Mwenye miwani hiyo anastaafu rasmi Ijumaa hii, baada ya miaka thelathini na moja ya kazi. Jina lake la kuzaliwa liko kwenye kitambulisho. Kwingine kote anaitwa Mzee Miwani, msahihishaji wa gazeti hapo zamani, na sasa Mhariri Mpitishaji wa tovuti. Wiki hiihii akaunti yake ndani ya Mfumo wetu wa kompyuta inafungwa, na kila alichoandika kwa akaunti hiyo kimeagizwa kifutwe. Naomba msomaji alishike hilo. Keki itakatwa na picha zitapigwa, lakini aliye na cha kupoteza wiki hii si Mzee Miwani wala si kampuni. Ni fundi cherehani mmoja ambaye hajawahi kualikwa kwenye sherehe zetu.

Wasifu huu niliagizwa na Mkurugenzi wa Dijitali, ambaye waandishi humwita Bwana Kasi, awepo asiwepo. Maagizo yalikuwa mafupi: maneno mia tatu, picha tano, na kichwa kiwe na tarakimu. Alipendekeza "Mambo Saba Usiyoyajua Kuhusu Mzee Miwani, la Tano Litakutoa Machozi". Nimejitahidi. Nilipata mengi kuliko saba, na la tano katika orodha yangu ni kwamba hanywi chai yenye sukari, jambo ambalo halijamtoa mtu machozi isipokuwa mhudumu wa jikoni. Kwa hiyo nimeandika kama alivyotufundisha yeye: nani kafanya nini, kamfanyia nani, na baadaye ikawaje. Jarida hili la wafanyakazi ndilo chapisho pekee hapa lisilo na mtu wa kulipitisha. Bwana Kasi aliona halina wasomaji wa kutosha kuharibu.

Mzee Miwani aliajiriwa enzi za karatasi. Alikaa kwenye chumba kilichonuka wino, jirani na mtambo, na kazi yake ilikuwa kusoma kila kitu kabla hakijachapwa, pamoja na matangazo ya biashara ambayo hata walioyalipia hawakuyasoma. Wakongwe wanasimulia jinsi alivyosimamisha tangazo la duka la magodoro kwa sababu lilisema godoro moja linatosha familia nzima. Alitaka kujua familia ya watu wangapi. Mwenye duka alikuja juu, akaondoka kwa hasira, akarudi na vipimo vya godoro, tangazo likatoka na vipimo vyake, na magodoro yakauzwa yakaisha. Hilo la kuisha tumelipata kwa Mzee Miwani mwenyewe. Chanzo ni kimoja, tena kina maslahi.

Tusimpake mtu marashi angali hai. Mtandao ulipoingia, Mzee Miwani alikosea, na alikosea kwa sauti. Alisimama mbele ya mkutano wa wafanyakazi akasema huo ni upepo wa kupita, wenye akili wafunge madirisha wasubiri. Upepo ukaondoka na paa. Gazeti la karatasi likafa, mtambo ukakatwakatwa na kuuzwa chuma chakavu, na nabii wetu akapandishwa ghorofani kwa watu wa tovuti akiwa na rula ya chuma, kamusi mbili na mto wa kukalia. Alikataa kuomba radhi kwa utabiri ule. Alisema hajakosea, upepo bado haujamaliza kupita.

Mwanzoni alikuwa adhabu. Alichapa kwa vidole viwili, kila kidole kikitafuta herufi yake kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Hakuamini kusoma kwenye kioo, kwa hiyo kila habari ya tovuti aliichapa kwenye karatasi, akaisahihisha kwa kalamu ya kijani, kisha akamrudishia mwandishi karatasi ili masahihisho yaingizwe tena kwenye kompyuta. Kuna mwaka tovuti ilitumia karatasi nyingi kuliko gazeti lilivyowahi kutumia. Alipiga marufuku neno "wadau" akidai hajawahi kukutana na mdau akamtajia anapokaa. Alichukia viungo, yale maneno ya bluu ambayo msomaji akiyabonyeza anapelekwa ukurasa mwingine. Alisema ni kumkaribisha mgeni sebuleni kisha kumwonyesha mlango wa jirani. Baadaye aliviona vina faida, akawa mlokole wa viungo, na sisi tuliokuwa tumezoea kunyimwa tukaanza kugombezwa kwa kutoviweka.

Lakini ofisi nayo haikuwa na haki ya kumcheka. Kila mwaka ulikuja na kitu chake cha kwanza. Ulikuja mwaka wa Simu Kwanza, tukaambiwa aya isizidi upana wa kidole gumba. Ukaja wa Video Kwanza, mwandishi wa mahakama akafundishwa kusoma hukumu huku akitembea kuelekea kwenye kamera, akajikwaa kwenye ngazi za mahakama, na hiyo ndiyo video yetu iliyotazamwa kuliko zote hadi leo. Ukaja wa Sauti Kwanza, na kabati la vifaa vya usafi likageuzwa studio. Wageni walihojiwa wakiwa wamekaa juu ya ndoo. Sasa tuko mwaka wa Roboti Kwanza, ambapo programu hututungia vichwa vya habari, na juzi ilitutungia "Hutaamini Bei ya Kitunguu Imefanya Nini". Ilikuwa haijafanya kitu. Kila mwaka kitu kipya kilikuwa cha kwanza, na habari, kwa subira yake, ilibaki ya pili.

Mzee Miwani alihudhuria mafunzo yote hayo. Alikaa mbele, akauliza maswali, akapata vyeti. Wawezeshaji walimwogopa kwa sababu alisikiliza kweli. Cheti chake cha Video Kwanza kilipigwa plastiki, na kwa kuwa kilikuwa laini na kikubwa cha kutosha, hadi wiki iliyopita ndicho kilichokuwa chini ya kipanya chake.

Ukutani mwa chumba chetu imetundikwa runinga kubwa inayoonyesha, dakika kwa dakika, ni watu wangapi wanasoma nini. Mshale wa kijani ukipanda, Bwana Kasi hupiga makofi. Ukishuka, hututazama sisi kama tumeushika miguu. Mzee Miwani aliweka kiti chake kuipa mgongo. Yeye alitazama Mfumo. Mfumo, kwa jamaa watakaokuja Ijumaa na ambao hawakai humu, ni programu tunayoandikia, kuhariri na kuchapishia habari zote za tovuti. Ndani yake habari hupita vituo vitatu: huanza ikiwa rasimu, ikageuka ya njano yenye maneno "Inasubiri Mhariri", kisha ikawa ya kijani ikishachapishwa. Mzee Miwani aliishi kwenye njano. Watu wengine huzeeka na mvi. Yeye, nina hakika, kuna sehemu yake ya ndani imekuwa njano.

Bwana Kasi aliichukia njano hiyo. Aliiita foleni. Alisema wenzetu wameshachapisha habari na kuisahau wakati sisi bado tunaulizana kama ni ya kweli. Alisema hivyo kwenye mkutano, bila kutabasamu, na kuna waliopiga makofi.

Sasa nieleze Sehemu ya Nyota, maana bila hiyo mtu hawezi kumwelewa mstaafu wetu.

Ilianza kwa kosa lake mwenyewe. Siku ya fainali ya kandanda, mwandishi wa michezo aliandaa habari mbili mapema kama tulivyozoea, moja timu yetu imeshinda, nyingine imeshindwa. Mzee Miwani alizipitisha zote mbili na kuzipangia saa ya kutoka, akikusudia kuifuta moja filimbi ya mwisho ikilia. Hakujua kwamba usiku wa kuamkia siku hiyo Mfumo ulikuwa umesasishwa, na saa yake imerukia mbele. Wachezaji wakiwa bado wanapasha misuli, habari zote mbili zikatoka kwa mpigo. Kwa muda tulikuwa chombo pekee duniani kilichojua kwamba timu imeshinda na imeshindwa. Kisha mvua ikanyesha, uwanja ukajaa maji, mechi ikaahirishwa.

Bwana Kasi alizifuta zote akauliza kama kuna aliyeziona. Runinga ya ukutani ilimjibu: ilikuwa siku yetu bora mwezi ule. Alipoona hivyo alitaka kuzirudisha. Mzee Miwani, ambaye angeweza kumtupia lawama fundi wa mfumo na hakuna ambaye angembishia, aliketi akachapa kwa vidole viwili: "Tulitangaza kwamba timu imeshinda, tukatangaza kwamba imeshindwa. Mechi haikuchezwa. Tulipochapisha tulikuwa hatujui lolote. Aliyezipitisha ni mhariri mwenye sahihi hapa chini." Akaweka jina lake.

Tatizo likawa mahali pa kuliweka sahihisho hilo. Kila kitu kwenye Mfumo lazima kiwe na sehemu yake: siasa, afya, michezo. Mzee Miwani aliomba iundwe sehemu ya masahihisho. Bwana Kasi alikataa. Alisema huwezi kujenga chumba nyumbani ukakiandika mlangoni "Aibu Zetu". Basi Mzee Miwani akapekua Mfumo wote akakuta sehemu moja haina mwenyewe. Ni ya nyota, ya utabiri wa kila juma, iliyoanzishwa mwaka wa Burudani Kwanza. Mtabiri wetu aliacha kazi ghafla, jambo ambalo bila shaka yeye alilijua mapema, na sehemu ikabaki tupu. Humo ndimo Mzee Miwani alimohamia na masahihisho yake. Tangu hapo kila kosa letu, liwe la tarakimu, la jina au la mtu kuambiwa amesema asichosema, limeandikwa humo na kusainiwa, na anwani ya kila moja mtandaoni ina neno "nyota".

Kulikuwa na vichekesho. Wasomaji waliokuja kutafuta utabiri wao walikuta tumekosea urefu wa daraja. Mmoja aliandika kutushukuru, akasema ndio utabiri wa kwanza alioweza kuuhakiki. Bwana Kasi, ambaye hasomi anachokichapisha, alikuja kuona kwenye takwimu kwamba Nyota inapanda mwezi hadi mwezi. Akaipamba kwenye mkutano wa watangazaji wa biashara: hadhira changa, inayojitafuta, yenye hamu ya kujua kesho. Kampuni ya manukato ikavutiwa. Walipofungua ukurasa wenyewe, pale kwenye skrini kubwa mbele ya wote, palikuwa na maneno: "Juzi tuliandika kwamba waziri alikubali. Alikataa." Wenye manukato walichukua mikoba yao. Toka siku hiyo Bwana Kasi amekuwa akitafuta namna ya kuifunga Nyota, na Mzee Miwani amekuwa akikataa kuelewa anachoambiwa. Kwa hilo la kukataa kuelewa alikuwa na kipaji; sijaona wa kumfikia.

Yote hayo yalikuwa mzaha hadi alipokuja fundi cherehani.

Tulikuwa katika wiki ya majaribio. Bwana Kasi alikuwa ameiondoa njano kwa siku chache, ili mwandishi abonyeze "Chapisha" mwenyewe na tuone mshale utafika wapi. Mmoja wetu aliandika habari ya fundi aliyetoweka na vitambaa vya maharusi. Ilikuwa habari ya kweli. Mfumo, kwa hisani yake, humpendekezea mwandishi picha kutoka ghala letu kwa kufuata maneno, na kwa maneno "fundi", "cherehani" na "mwanamke" ukaleta picha nzuri ya mama mmoja akicheka nyuma ya cherehani yake. Tulimpiga picha hiyo mwaka uliotangulia kwa ajili ya makala ya kumsifu. Mwandishi akaibonyeza. Hapakuwa na njano. Kufikia chakula cha mchana mshale ulikuwa umepanda, na Bwana Kasi alikuwa amepiga makofi.

Kosa liligunduliwa jioni. Picha ikabadilishwa kimyakimya, ikawekwa ya mkasi. Kwenye Mfumo hilo huchukua muda wa kupiga chafya, na baada yake ukurasa hauna kovu. Hilo ndilo linalonisumbua kuhusu kazi hii yetu nikikaa peke yangu. Gazeti likikosea, toleo lenye kosa lilibaki chini ya kitanda cha mtu, likafungiwa maandazi, likamsuta mhariri miaka kumi. Sisi tunaweza kukosea asubuhi na jioni tukawa hatujawahi kukosea.

Kesho yake yule mama alikuja ofisini. Tepu ya kupimia ilikuwa bado shingoni. Nadhani alisahau kuivua. Wateja watatu walikuwa wameshafika kuchukua vitambaa vyao vikiwa havijashonwa, mmoja wao jirani wa ukuta kwa ukuta, wakisema wamebadili mawazo tu. Mama hakuja peke yake, alikuja na kaka wa mumewe, mtu mpole. Tuliketi kwenye ofisi ya vioo ya Bwana Kasi, mimi nikiwa nimeitwa kama mhariri msaidizi wa tovuti na Mzee Miwani akiwa hakuitwa.

Bwana Kasi alieleza kwa adabu kwamba picha ilishaondolewa, tena haraka kuliko kawaida, na kwamba kwa sasa ukurasa hauna tatizo lolote.

"Picha mmeitoa, baba," mama alisema. "Walioiona mtawatoa wapi?"

Bwana Kasi akaeleza kwamba sahihisho lingekuwa kuwakumbusha watu jambo ambalo wengi wameshalisahau. Akamalizia kwa methali, maana mafunzo ya uongozi yanahimiza methali. Maji yakimwagika, alisema, hayazoleki.

Tak. Miwani ilikuwa juu ya meza ya vioo, na juu ya kioo ule mlio ulikuwa mkali zaidi.

"Hayazoleki, mwanangu," Mzee Miwani alisema. "Lakini sakafu hupigwa deki."

Alimchukua mama hadi kwenye meza yake, akampa kiti chenye mto, yeye akasimama na kuinama juu ya kibodi. Aliandika sentensi, mama akasoma. Aliandika kwamba tunasikitika kwa usumbufu uliojitokeza. Sote tumeandika sentensi hiyo. Inatoka yenyewe kama kikohozi.

"Usumbufu ni mbu," mama alisema. "Andika mlichonifanyia."

Mzee Miwani aliifuta. Kabla ya siku hiyo nilikuwa sijamwona akihaririwa, na alihaririwa vizuri, bila kujitetea, mara nne au tano. Kilichobaki ni hiki: "Tuliweka picha ya fundi huyu kwenye habari ya wizi. Hakuiba. Hajawahi kushtakiwa wala kushukiwa na mtu. Tuliichukua picha yake bila kuangalia ni ya nani. Kosa ni letu." Chini yake wakaweka ile picha akicheka, kwa sababu mama mwenyewe aliitaka, alisema wameiona mahali pabaya, waione na mahali pazuri. Mzee Miwani akasaini, akambonyezea kwenye simu ile anwani yenye neno nyota, na njano ikarudishwa kwenye Mfumo wiki iliyofuata bila tangazo.

Nimewahi kupita kwenye kibanda cha fundi huyo kupunguza sketi. Anaitumia ile anwani hadi leo. Habari ya vitambaa vya maharusi huibuka tena kila msimu wa harusi, mtu anaituma kwenye kundi la familia, na siku zote kuna anayekumbuka sura ya picha ya kwanza. Mteja mpya akimtazama mara mbili, yeye haulizi. Anampa simu, anamwambia abonyeze mwenyewe. Nilimuuliza kwa nini asipige picha ya skrini akaihifadhi. Alinitazama kama nimemletea zipu mbovu. Picha ya skrini, alisema, hata mtoto wa darasa la tatu anatengeneza. Mtu lazima aguse, aone imefunguka kwenye tovuti yenu, aone jina la mkubwa wenu chini yake. Hapo ndipo anakaa kupimwa.

Kwa hiyo turudi kwenye akaunti.

Fundi wa mfumo wetu, ambaye ofisi nzima humwita Shemeji kwa kuwa amemwoa dada wa dawati la michezo, ndiye anayefuta akaunti za wanaoondoka. Mfumo ukiambiwa kumfuta mtu huleta kisanduku chenye swali: vilivyoandikwa na mtumiaji huyu vifutwe vyote, au vihamishiwe kwa mtumiaji mwingine? Jibu la kwanza huwa limeshatiwa alama. Mhariri wa afya alipostaafu, Shemeji alikuwa na haraka ya mechi, akabonyeza "Sawa", na makala zote za chanjo, za uzazi na za kisukari, kazi ya maisha ya mwanamke yule, zikafutika kabla hajafika getini na maua yake. Tulikuwa tumempa saa ya ukutani yenye maneno "Hatutakusahau". Wale wasomaji wanaofuata viungo vya makala zake mpaka leo wanapokewa na sentensi isemayo ukurasa huu haupo.

Ile ilikuwa bahati mbaya. Safari hii ni agizo. Bwana Kasi ameandika kwenye maelezo ya makabidhiano, na nimeyasoma mara kadhaa ili niwe na uhakika kwamba sikosei: "Akaunti ifutwe pamoja na maudhui yake yote." Habari alizopitisha zina majina ya waandishi wake, hizo zitabaki. Maudhui ya Mzee Miwani mwenyewe ni kitu kimoja tu: Nyota. Bwana Kasi hana chuki na fundi cherehani. Nadhani hata hamkumbuki. Anataka tu tuwe tovuti ambayo haijawahi kukosea, na ufunguo wa hilo uko chini ya kidole cha Shemeji.

Mzee Miwani tulimweleza. Nilitegemea mlio. Alikaa na miwani yake usoni, akasema yeye ameshakabidhi, na mtu aliyekabidhi nyumba haendi kuchungulia dirishani. Kisha akaniomba nimsaidie kubeba kamusi hadi chini. Sikumwelewa siku ile, na nilimkasirikia njia nzima ya ngazi, ghorofa baada ya ghorofa, kamusi moja kwapani kwangu na nyingine kwapani kwake.

Ijumaa mshereheshaji atasema mengi. Atasema haraka haraka haina baraka, kisha atatuomba tuharakishe kwa sababu ukumbi una wateja wengine. Bwana Kasi atamwita mstaafu nguzo. Mke wa Mzee Miwani, mkunga aliyestaafu kabla yake, ameomba kwa heshima tusiwaletee saa ya ukutani. Anasema nyumbani saa ipo, na mzee huyu hata akiwa na saa kumi atauliza kwanza kama zinasema kweli. Ameongeza kwamba amejiandaa kuishi na mtu atakayezisahihisha orodha zake za sokoni kwa kalamu ya kijani, na kwamba kalamu hiyo ameshaificha.

Mzee wetu, sisi uliotufutia sentensi zetu nzuri kuliko zote tunakushukuru, wengine kwa kuchelewa. Ulikuwa mgumu, mbishi, na mara nyingi ulikosea kuhusu kesho. Kuhusu jana hukukubali tukosee. Nenda ukapumzike. Soma vitu visivyohitaji kupitishwa, lala mchana, mjukuu akikwambia jua ni la bluu mwache kidogo kabla hujavua miwani. Tunakuombea siku ndefu zenye afya, na chai isiyo na sukari.

Jana mchana Shemeji alikuja kwenye meza yangu na kompyuta yake mkononi, kwa sababu utaratibu unataka mhariri wa tovuti athibitishe. Kisanduku kilikuwa wazi na alama iko palepale kwenye kufuta. Akasema agizo linasema futa, dada. Nikamwambia agizo nimelisoma. Nikaihamisha alama, na kwenye nafasi ya mtumiaji mwingine nikaandika jina langu, nikabonyeza "Sawa" mwenyewe ili asije akaulizwa yeye. Kisha nikampigia fundi cherehani nikamwomba afungue ile anwani yake. Nilisikia cherehani ikisimama. "Imefunguka," alisema. "Ila jina la chini limebadilika. Huyu ni nani?" Nikamwambia ni mimi, na cherehani ikaendelea. Kuanzia jana makosa yote ya kampuni hii yana sahihi yangu, pamoja na ya mechi ambayo haikuchezwa. Bwana Kasi atalijua hili akifika aya hii, ikiwa atafika. Anayetaka yafutwe sasa anifukuze, au asubiri nistaafu. Nina miaka ishirini na saba.